Elimu ya mshauri wa jenetiki haikomei kwenye cheti

USHAURI nasaha wa jenetiki ni taaluma ya kuwasaidia watu kuelewa magonjwa yanayorithiwa katika ukoo, uwezekano wa kuwarithisha watoto wao, na hatua wanazoweza kuchukua. Mshauri husimama kati ya maabara na familia: huyafasiri matokeo ya vipimo kwa lugha inayoeleweka, kisha humwacha mhusika aamue bila kushurutishwa.

Jina la taaluma hii lilibuniwa mwaka wa 1947 na Sheldon Reed, mtaalamu wa jenetiki nchini Marekani. Mwaka wa 1969, chuo cha Sarah Lawrence katika jimbo la New York kilianzisha masomo ya kwanza ya uzamili ya kuwaandaa washauri hao, na wanafunzi wa kwanza wakahitimu 1971. Chama chao cha kitaifa kiliundwa 1979, na bodi ya kuwatahini ikafuata 1993.

Elimu inayochakaa

Ni taaluma chache ambazo maarifa yake huchakaa upesi kama hii. Aliyehitimu 1971 hakufundishwa lolote kuhusu BRCA1 na BRCA2, jeni zinazohusishwa na saratani ya matiti na ya ovari, kwa kuwa zilitambuliwa 1994 na 1995. Aliyehitimu 2003, mwaka ambao mradi wa kusoma jenomu ya binadamu ulitangazwa kukamilika, hakukuta hospitalini kipimo cha damu ya mama mjamzito kinachochunguza vipande vya DNA vitokavyo kwenye kondo la nyuma. Kipimo hicho kilianza kuuzwa 2011. Mnamo Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayotumia mbinu ya kuhariri jeni, na Marekani ikafuata Desemba.

Hatari ya mshauri kubaki nyuma humwangukia mgonjwa. Tangu 2015, maabara nyingi hufuata mwongozo wa Marekani unaoyagawa mabadiliko ya jeni katika madaraja matano, kuanzia yale yanayosababisha ugonjwa hadi yasiyo na madhara. Katikati yamo mabadiliko ambayo athari yake haijabainika. Utafiti unapoongezeka, mengi ya hayo huhamishiwa upande wa yasiyo na madhara, ingawa machache huthibitishwa kuwa hatari. Mwanamke akishauriwa vibaya kuhusu tokeo la aina hiyo, huenda akaondolewa ovari kwa hofu isiyo na msingi. Naye ambaye tokeo lake limebadilika kuwa la hatari, asipojulishwa, hukosa nafasi ya kujikinga mapema.

Utaratibu wa kujiendeleza

Kwa sababu hiyo, cheti cha bodi ya Marekani hudumu miaka mitano tu, kisha sharti kihuishwe. Mshauri hukusanya vipimo vya elimu endelevu, ambapo kipimo kimoja ni sawa na saa 10 za masomo. Huvipata kwa kuhudhuria makongamano, kusoma kozi za intaneti, au kusoma makala za kitaaluma na kujibu maswali yake. Shughuli kama kuwasimamia wanafunzi na kuandika utafiti pia hutambuliwa.

Masomo hayo hayahusu sayansi pekee. Sheria nazo hubadilika. Mathalani, sheria ya Marekani ya 2008 inakataza ubaguzi wa kijenetiki katika ajira na bima ya afya, lakini haigusi bima ya maisha. Mshauri asiyeijua tofauti hiyo atampotosha mteja. Vilevile kuna maadili: afanye nini kipimo kikifichua kwamba baba anayetambulika nyumbani siye mzazi, au mgonjwa akikataa kuwaarifu ndugu zake walio hatarini?

Barani Afrika

Nchini Afrika Kusini, vyuo vikuu vya Witwatersrand na Cape Town hutoa shahada ya uzamili katika fani hii. Washauri husajiliwa na baraza la taaluma za afya, ambalo huwataka wajiendeleze, yakiwemo masomo ya maadili.

Haja hiyo ipo Afrika Mashariki pia. Selimundu umeenea katika maeneo ya Nyanza, Magharibi na Pwani ya Kenya, na hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wake kwa utafiti tangu 2004. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba jeni hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumpata mtoto mgonjwa. Wengi hudhani kwamba mtoto mmoja akishaugua, watatu wanaofuata watakuwa salama. Muuguzi au daktari anayetoa ushauri lazima aweze kuisahihisha dhana hiyo.

Zaidi ya hayo, hazina za data za jenomu zimejaa taarifa za watu wenye asili ya Ulaya. Matokeo ya Mwafrika basi huelekea zaidi kuwekwa katika daraja la yasiyobainika, na ndiyo yanayohitaji kupitiwa upya mara kwa mara. Aliyepimwa miaka kadhaa iliyopita ana haki ya kurudi na kuuliza kama tafsiri ya tokeo lake ingali ile ile.