Hadithi za Watoto Ufipa: Kutoka Kigoda cha Milansi hadi Katuni

Hadithi ya mnyonge anayepata ghafla kile ambacho hakuna aliyedhani angekipata ni ya zamani sana Ufipa, uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambao mji wake mkubwa ni Sumbawanga. Sura yake ya karibuni ni katuni. Mojawapo ya zinazojulikana sana duniani ni The Fairly OddParents, iliyobuniwa na Butch Hartman na kuanza kuonyeshwa na Nickelodeon ya Marekani Machi 2001. Timmy Turner, mvulana wa miaka 10 anayesumbuliwa na yaya wake, hupewa walezi wawili wenye fimbo za ajabu, Cosmo na Wanda, na kila anachotamani huwa. Mara nyingi hujuta, na kipindi humalizika akihangaika kutangua alichokiomba.

Simulizi mashuhuri kuliko zote za Wafipa haina fimbo yoyote. Inasimulia kwamba mtawala wa kijiji cha Milansi, wa uzao wa Ntatakwa, mtawala wa kwanza wa nchi, alikuwa ameondoka kwenda kuwinda pale wanawake watatu wageni walipotokea. Walimshawishi mke wake, na mkubwa wao akaketi kwenye kigoda cha enzi. Mtawala aliporudi alikuta nchi imekwisha kupata mwenyewe. Kilichobaki kwake ni Milansi na mlima wake, pamoja na heshima ya kuwa wa kwanza. Kutoka kwa wageni hao ulitokea ukoo wa Watwa, uliotawala Nkansi na Lyangalile, kila nchi na Mwene (mtawala) wake. Huo ni ufafanuzi wa madaraka wala si ngano ya kulaza watoto, lakini namna ya kupata ni ileile: neno zuri na kuketi mahali panapofaa, wakati mwenye kigoda hayupo. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti wake Ufipa mwaka 1962, aliifasiri simulizi hiyo kama uhusiano wa kichwa na kiuno: Milansi ndiyo kichwa, chenye ukuu na busara, na Watwa ni kiuno, chenye nguvu na uzazi.

Willis pia alikusanya masimulizi ya kawaida na kuyachapisha mwaka 1978 katika kitabu There Was a Certain Man. Vijiji vya Wafipa vilikuwa vikubwa na nyumba zake zilisogeleana, tofauti na sehemu nyingi za Tanzania ambako kila kaya ilikaa peke yake shambani. Kwa msimulizi, hali hiyo ni mtaji: wasikilizaji wako hatua chache tu. Katika ukanda huu wa Tanzania na Zambia sungura huitwa Kalulu, na sungura wa ngano hashindi kwa kutimiziwa matakwa. Hushinda kwa sababu fisi na simba hawafikiri.

Jini anayetimiza maombi alipanda uwandani pamoja na Kiswahili, kwa njia ya vitabu. Wamisionari Wakatoliki wa White Fathers walishika Karema, kwenye ufuko wa Tanganyika, mwaka 1885, wakaeneza misheni na shule hadi Ufipa. Wao walileta katekisimu. Majini na taa za ajabu yalikuja na fasihi ya Kiswahili iliyosomwa shuleni, hasa hekaya za Alfu Lela Ulela. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, alimweka jini kuwa hakimu badala ya mtumwa wa taa: nduguze Adili waliomdhulumu wanageuzwa manyani, na Adili mwenyewe analazimika kuwachapa kila usiku. Mtoto aliyesoma kisa hicho alijifunza mapema kwamba nguvu za ajabu hudai malipo.

Baada ya kitabu ikaja redio, ambayo haikuhitaji nguzo za umeme bali betri tu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha watoto cha Mama na Mwana, na sauti ya Debora Mwenda ikawa ya bibi wa nchi nzima. Matangazo ya taifa hayakutumia lugha za makabila. Kwa mtoto wa Sumbawanga maana yake ilikuwa kwamba hadithi za bibi halisi zilibaki katika Kifipa na zile za bibi wa redioni zikawa za Kiswahili. Mgawanyo huo ulikuwa na uzito zaidi kuliko ujio wowote wa jini.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar ilikuwa nayo mapema miaka ya 1970, lakini Bara serikali iliiona kuwa anasa, na vituo vilianza mwaka 1994, ITV ikiwamo. Ufipa ilikuwa mbali na hayo yote: umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia na barabara ya Tunduma, zaidi ya kilomita 220, ilikuwa ya vumbi. Mradi wa kuitia lami ulitokana na mkataba wa mwaka 2008 kati ya Tanzania na shirika la MCC la Marekani. Madishi na ving'amuzi ndivyo vilivyoweka katuni za ng'ambo sebuleni mwa waliomudu.

Katuni ya nyumbani ilianza Januari 2014, pale Ubongo Kids, kazi ya kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam, ilipoanza kuonyeshwa katika kituo cha televisheni cha TBC1. Watoto wa katuni hiyo hutatua matatizo kwa hesabu na sayansi, na watazamaji waliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu. Miaka miwili baadaye ikafuata Akili and Me, inayomhusu Akili, msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Usingizini huingia Lala Land, ambako pamoja na marafiki wanyama hujifunza lugha, herufi na namba. Kampuni hiyo hutengeneza pia vipindi vya redio, kwa kaya zisizo na televisheni.