Mwenye Taa Haachi Taa: Historia Fupi ya Huduma ya Taa, Kutoka Karabai Hadi Kompyuta



Katika gazeti hili la kumbukumbu wengine wameandika juu ya waanzilishi wetu, kwaya, akina mama na ujenzi. Mimi kamati ilinipa habari za taa. Kwanza nilicheka. Nani anakumbuka taa? Lakini nilipoanza kuwauliza wazee nikaona kwamba historia ya taa ni historia yetu sisi wenyewe. Na ndani yake kuna jambo moja ambalo ni lazima niliseme mwenyewe, kwa sababu mkosaji nilikuwa mimi.

KARABAI NA MZEE WAKE

Mikutano ya kwanza ambayo wazee wetu wanaikumbuka iliangazwa na karabai. Vijana wa leo hamuijui, kwa hiyo niieleze. Ni taa ya mafuta ya taa yenye pampu. Unapiga pampu, mafuta yanapanda kwa presha, yanageuka mvuke, na kifuko kidogo cha kitambaa kinawaka mweupe kama mchana. Presha ikishuka, mwanga unashuka. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtu akae pale.

Mtu huyo alikuwepo katika kila kundi, na watu walimwita tu mzee wa taa. Hakuwa mhubiri. Alikaa kando ya nguzo, sikio lake moja kwa mhubiri na lingine kwa ile sauti ya karabai. Akisikia imeanza kulegea, anaamka polepole, anapiga pampu mara kumi, anarudi kukaa. Hata watu wote walipoenda mbele kuombewa, yeye hakuondoka. Akiulizwa kwa nini yeye haombewi, alisema ataombewa kesho mchana.

Msimu wa mvua kulikuwa na shida nyingine: kumbikumbi. Wanapenda mwanga kuliko hata sisi. Mhubiri anafika mahali pazito, mara watoto wote wako chini ya karabai wanaokota kumbikumbi na kutia mifukoni, na mama zao hawawakatazi kwa sababu wanajua kesho ni mboga.

Vyombo vyote vilisafirishwa kwa baiskeli. Mnajua kwamba jina boda boda lilizaliwa hapa kwetu, kwa wale waendesha baiskeli waliokuwa wakipeleka watu na mizigo kutoka mpaka huu hadi ule. Karabai ilivuka hivyo, imefungwa kwa blanketi, kwa sababu kioo chake kikivunjika hakuna mkutano. Na kuvuka hakukuwa kwenda ugenini. Msamia ana ndugu pande zote mbili, na Mteso vilevile. Kumbukeni kwamba hadi 1902 sehemu hii ya magharibi ya Kenya ilihesabiwa kuwa Uganda. Ukoo ni mkubwa kuliko mpaka.

Kuna wakati taa yenyewe ilikuwa hatari. Mwaka 1977 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku makundi mengi ya Kikristo, Wapentekoste tukiwemo. Wazee wa upande wa Uganda wanasema waliificha karabai kabisa. Waliomba kwa sauti ya chini, blanketi dirishani, koroboi moja chini ya meza. Hata koroboi ile ilikuwa na mtu wake, wa kuipuliza izime kama mbwa wakibweka. Amin alipoondolewa Aprili 1979, karabai ikatoka mafichoni.

STIMA ILIPITA JUU YA VICHWA VYETU

Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Mwaka huohuo Kenya iliundwa kampuni ya kujenga laini kubwa ya umeme kutoka Tororo hadi Nairobi. Kwa hiyo stima ya Uganda ilipita hapa kwetu, juu ya mihogo na mtama wetu, ikaenda kuwasha mji mkuu wa Kenya. Chini ya nyaya hizo watu wetu waliendelea kupiga pampu ya karabai kwa miaka mingi. Siandiki hivi kwa kulalamika. Naandika ili mjue kwamba mtu anaweza kukaa chini ya nguvu na bado akae gizani.

Baadaye ikaja jenereta, halafu stima yenyewe, na taa zile ndefu nyeupe za kanisani. Taa za jukwaani tulizisikia tu kwa wenzetu wa miji mikubwa. Taa moja ya zamani ya jukwaa ilikula wati 1000. Ukiweka nne, umemaliza jenereta nzima, na kipaza sauti kinabaki bila kitu.

Kilichobadilisha mambo ni LED. Mjapani Shuji Nakamura alitengeneza LED ya buluu yenye mwanga mkali mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 yeye na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Nyekundu na kijani zilikuwepo tayari. Buluu ilipopatikana, rangi zote zikawezekana katika taa moja ndogo. Siku hizi taa nane za jukwaani za wati 100 kila moja hazifiki zile wati 1000 za taa moja ya zamani. Kanisa la mpakani likaanza kuweza.

Kilichotusukuma hasa ni korona. Machi 2020 serikali zote mbili zilifunga ibada, na mpaka ukabaki wa malori ya mizigo tu. Tulihubiri kwa simu. Ndugu wa Tororo wakatuma ujumbe: sauti tunasikia, lakini sura ya mtumishi ni nyeusi kama sufuria! Tukachanga, tukanunua taa mbili. Makanisa yalipofunguliwa zikawa nane, na zikawa zinavuka pamoja na vyombo vingine. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, ukaguzi unafanyika mara moja tu, upande unaoingia. Na plagi ni ileile ya miguu mitatu, volti 240 huku na kule. Taa haiulizi pasipoti.

NAMBA 512

Kijana mmoja wetu alinifundisha kuzipanga kwa kompyuta. Tunatumia QLC+, programu ya bure. Lugha ambayo kompyuta inaongea na taa inaitwa DMX512, iliyotungwa Marekani mwaka 1986 kwa ajili ya majumba ya maonyesho. Waya mmoja unabeba chaneli 512, na kila chaneli ina namba kutoka 0 hadi 255. Sifuri ni giza, 255 ni mwanga wote. Taa yenye chaneli 7 ukiipa anwani ya 1, inayofuata inaanza 8, na ya tatu 15. Ukikosea ukazipa mbili anwani moja, zitafanya kitu kimoja kama pacha.

Halafu unapanga mfululizo. Hatua ya kwanza taa ya kushoto iwe buluu, hatua ya pili ya katikati, hatua ya tatu ya kulia. Kila hatua ina muda wa kuingia, muda wa kukaa na muda wa kutoka. Wimbo wenye mapigo 96 kwa dakika, kila pigo ni milisekunde 625. Ukiandika namba hiyo, taa zinatembea na ngoma kama zimezaliwa nayo. Mwisho unachagua mfululizo uishie pale au ujirudie.

Hapo penye kujirudia, wapendwa, ndipo nilipoanguka. Karabai ilidai mtu. Kompyuta haidai mtu. Ukishabonyeza unaweza kuondoka, na taa zitaendelea na amri uliyoacha.

USIKU ULE WA KESHA

Mama wa binti ameniruhusu nisimulie, bila jina.

Ilikuwa kesha upande wa Tororo. Nilikuwa nimepanga mfululizo mpya wa wakati wa kusifu: taa zote nane nyeupe, milisekunde 40 kuwaka, 40 kuzima, kujirudia. Hesabu yake ni zaidi ya mara 12 kwa sekunde. Nilipoujaribu mchana vijana walishangilia. Wazee wawili walisema hiyo ni disko. Nikawajibu kwa maneno ya Bible school, na sasa naona nilijibu kwa kiburi.

Saa saba usiku ngoma ilipanda, nikabonyeza. Baada ya muda mfupi binti wa miaka kama 14 katika safu ya pili alianguka, mwili ukatetemeka, macho yakageuka. Nikaiacha meza ya kompyuta nikakimbia mbele. Tulimzunguka tukakemea pepo kwa nguvu zote. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Na juu yetu zile taa zikaendelea, nyeupe, giza, nyeupe, giza, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekaa penye taa.

Shangazi yake, aliyekuwa amevuka naye kutoka Busia ya Kenya, alipenya katikati yetu, akanishika mkono akasema, "Mwinjilisti, zima taa kwanza."

Nilirudi nikazima. Ikabaki balbu moja ya mlangoni. Shangazi akamlaza ubavu, akaweka leso chini ya kichwa, akakataza watu kumshika kwa nguvu au kumtia kijiko mdomoni. Dakika chache baadaye binti akatulia, akafungua macho, akauliza kwa nini watu wanamtazama.

Ana kifafa tangu utotoni, na familia ilijua. Si kila mwenye kifafa anadhurika na taa. Ni wachache, na zaidi ni watoto na vijana. Lakini kwao mwanga unaopepesa haraka unaweza kuamsha kifafa. Nilisoma baadaye kwamba tarehe 16 Desemba 1997, kule Japani, katuni ya Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na buluu ukipepesa karibu mara 12 kwa sekunde, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali jioni hiyo. Mara 12! Karibu namba ileile niliyoiandika kwa mkono wangu. Uingereza, idara ya usalama kazini inashauri taa za namna hiyo zisizidi mara 4 kwa sekunde. Maarifa yalikuwepo. Sikuyatafuta.

Kibaya zaidi kilikuja kesho yake. Habari ilivuka mpaka kabla yetu: binti wa fulani ana mapepo, mwinjilisti mwenyewe ameyakemea. Shuleni walimcheka. Kwa majuma mengi familia haikuonekana ibadani.

Nilienda nyumbani kwao pamoja na mchungaji. Nilipiga magoti mbele ya mama na binti nikaomba radhi. Halafu nikasimama madhabahuni, kwanza Tororo, Jumapili iliyofuata Busia, nikasema wazi kwamba ule ulikuwa ugonjwa, na kwamba taa zangu ndizo zilizouamsha. Kuna mtumishi aliyeniambia nimeiaibisha huduma. Nilimjibu kwamba aliyeaibishwa alikuwa mtoto, na aliaibishwa kwa jina la Yesu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Leo binti anakunywa dawa za kliniki kila siku, na sisi tunamwombea kila juma. Havipingani. Anakuja ibada za mchana. Keshani hajarudi, na sijawahi kumlaumu.

TULIVYO SASA

Hatukuziuza taa. Mkutano wa uwanjani unazihitaji, na zinamsaidia bibi wa mwisho nyuma kuona uso wa anayehubiri. Lakini tumeandika kanuni zetu kwenye karatasi iliyogundishwa juu ya meza ya taa. Hakuna kupepesa haraka. Mfululizo unatembea polepole, na rangi zinaingia moja ndani ya nyingine. Wakati wa Neno mwanga ni mweupe na umetulia, kila mtu asome Biblia yake. Wakati wa kuwaita watu mbele hatugusi rangi hata moja, ili mtu akilia ajue ni Roho amemgusa wala si buluu ya kompyuta. Kitufe kimoja kikubwa kinasimamisha kila kitu na kuleta mwanga wa kawaida. Na anayekaa pale haondoki, hata malaika akishuka.

Hiyo ya mwisho niliiandika mimi. Walawi 24 inaeleza jinsi Haruni alivyoagizwa kuzitunza taa za hema tangu jioni hadi asubuhi. Nilifundishwa sura hiyo Bible school, na katika mtihani niliipata. Mzee wa taa hakusoma Bible school, lakini aliiishi kando ya nguzo, na pampu mkononi.

Katika miaka ijayo programu zitakuwa na akili kuliko sasa. Zitasikiliza ngoma zenyewe na kujipanga zenyewe. Vijana wa huduma ya taa, pande zote mbili, jifunzeni zote, msiogope. Lakini chini ya kila taa mnayoipanga amekaa mtoto wa mtu. Mwangalieni yeye kwanza, kabla ya kompyuta.

Bwana awabariki na kuwaangazia uso wake, Kenya na Uganda. Tukutane mkutanoni. Mkinitafuta usiku huo, msije mbele. Niko nyuma, kwenye meza ya taa.