Mafunzo ya juu ya walimu wa yoga: Nairobi imepata, Rapsu ingoje hadi lini?

Kila Juni 21 Nairobi hutandika mikeka. Ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 11, 2014 baada ya Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, kuipigia debe kwenye Baraza Kuu, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Hotuba husomwa, mikono huinuliwa, picha hupigwa. Anayesahaulika katika shamrashamra hizo ni mwalimu aliyesimama mbele. Alifunzwa na nani? Na akitaka kujiendeleza, atakwenda wapi?

Maswali hayo yana uzito wa pekee kwa anayeyatazama kutoka Rapsu, kijiji cha Waborana upande wa Garbatulla, Kaunti ya Isiolo, jirani na Mbuga ya Wanyama ya Meru. Huko maji ya mifereji ndiyo huwalisha watu, na mkulima huinama shambani tangu kuche hadi jua likaze. Mtu wa namna hiyo hahitaji kusimuliwa habari za maumivu ya kiuno. Anachohitaji ni mwalimu anayejua anachokifanya, naye mwalimu huyo hazuki tu. Hufunzwa, tena kwa miaka.

Historia yenyewe ya yoga ni ndefu, nami sitaizungusha. Ilitoka India zamani za kale. Sura yake tunayoiona leo, ya mikao inayofuatana mmoja baada ya mwingine, imetokana kwa kiasi kikubwa na Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha katika kasri la Mysore tangu mwaka 1933. Wanafunzi wake B.K.S. Iyengar, Pattabhi Jois na Indra Devi ndio walioisambaza duniani. Mwaka 1969 Swami Vishnudevananda alianzisha kozi ya kuwafunza walimu katika nchi za Magharibi, na mwaka 1999 Wamarekani wakaunda chama cha Yoga Alliance. Chama hicho ndicho kilichoweka vipimo vinavyofuatwa hadi sasa: saa 200 za mafunzo kwa mwalimu anayeanza, kisha saa 300 zaidi ili afikishe 500. Hizo 300 ndizo tunazoziita mafunzo ya juu.

Kwa Kenya, simulizi inayojulikana zaidi huanza mwaka 2006. Mwalimu wa yoga kutoka Marekani, Paige Elenson, alikuwa safarini nchini na jamaa zake. Kwa maelezo yake mwenyewe, ambayo ameyarudia mara nyingi, aliwaona vijana wakisimama kwa mikono, akashuka garini akajiunga nao. Baadaye vijana hao wakamwandikia kumwomba aje awafundishe. Mwaka 2007 likaanzishwa shirika la Africa Yoga Project, kwa ushirikiano na Baron Baptiste, mwalimu wa Kimarekani mwenye mtindo wake wa yoga ya nguvu.

Mara nyingi hadithi hiyo husimuliwa kama habari ya mgeni mwema. Mimi ningeianza na wale vijana. Kusimama kwa mikono hakukuja na gari la watalii. Afrika Mashariki ina mila yake ya sarakasi: Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilipeleka vijana China miaka ya 1960 wakajifunze fani hiyo, na wanasarakasi wa Kenya wamekuwa wakipanda majukwaa ya hoteli za Pwani na ya ng'ambo kwa miaka mingi. Kijana wa Kibera au Mathare, mitaa ya mabanda ya Nairobi, aliyepanga mnara wa watu watano juu ya mabega yake alikuwa tayari anajua mizani, pumzi, na namna ya kumwamini mwenzake. Yoga ilimkuta na ujuzi mwilini. Ilichomwongezea ni cheti na kazi.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata na mamia ya maelfu wakahama makwao, hadi mkataba wa Februari 28, 2008 ulipotiwa saini. Mitaa ya mabanda iligawanyika kwa makabila. Katika hali hiyo, chumba ambamo Mluo, Mkikuyu na Mluhya wanavuta pumzi pamoja na kushikana mikono wasianguke kilikuwa na maana kubwa kuliko mazoezi ya viungo. Madarasa ya bure ya shirika hilo kila Jumamosi katika Sarakasi Dome kule Ngara, jengo lililokuwa sinema ya Shan, yalijaa mamia ya watu. Walimu waliofunzwa walirudi mitaani kwao wakafundisha bila malipo shuleni, magerezani na katika vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, huku wakipata posho iliyochangwa na wafadhili wa nje. Wengi wao hawakuwa na kazi kabla ya hapo. Nalisema hili kwa fahari: Kenya ilithibitisha kwamba mwalimu wa yoga anaweza kutoka kwenye nyumba ya mabati.

Lakini saa 200 ni mlango tu. Chukua mkao ambao mwili hukunjwa kama paa la nyumba, viganja na nyayo zikiwa chini, kiuno juu. Mwalimu wa saa 200 anajua kuuita na kuuonyesha. Aliyepitia mafunzo ya juu huangalia kwanza viganja: uzito umeangukia ukingo wa nje wa kiganja au umesambaa hadi kwenye vidole? Ukikaa vibaya, kifundo cha mkono huanza kuuma baada ya wiki chache, na mama anayefua nguo za watu kila siku atakuwa amepoteza chombo chake cha kazi. Huangalia pia magoti. Mtu ambaye misuli ya nyuma ya mapaja imekakamaa kwa miaka ya kubeba mizigo hapaswi kulazimishwa anyooshe miguu. Apinde magoti, mgongo unyooke, na inatosha. Hayo hayapatikani kwa kuiga video. Yanataka anatomia, yanataka kufundisha huku mkufunzi akikutazama na kukusahihisha, na yanataka kusoma falsafa yenyewe ili mwalimu ajue mpaka wa anachokifundisha.

Yapo pia mafunzo ya kuwahudumia watu wenye majeraha ya moyo. Mwaka 2014 daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake wa Boston walichapisha utafiti uliowahusisha wanawake 64 walioishi na athari za ukatili kwa muda mrefu na ambao tiba nyingine hazikuwa zimewasaidia vya kutosha. Baada ya wiki kumi, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa, dhidi ya asilimia 21 ya wale waliopewa elimu ya afya pekee. Waliofundisha madarasa hayo walikuwa na mafunzo maalumu. Hawakuamuru, walikaribisha. Hawakumshika mwanafunzi. Hawakumlazimisha mtu kufumba macho, kwa sababu mwenye kumbukumbu za usiku wa mashambulizi huenda asistahimili giza hilo. Isiolo, yenye historia ya vita vya shifta vya miaka ya 1960 na mapigano yasiyokwisha ya kugombea mifugo na malisho, ina watu wa kutosha wenye kumbukumbu kama hizo. Kumpeleka kwao mwalimu asiye na ujuzi huo ni kuwaongezea donda.

Kuna jambo jingine ambalo kwa watu wa Rapsu, ambao wengi wao ni Waislamu, litatangulia yote: je, yoga ni ibada?

Mzozo huo umetikisa nchi kubwa kuliko yetu. Novemba 2008 Baraza la Kitaifa la Fatwa la Malaysia lilitangaza kwamba yoga inayochanganya mikao, maneno ya ibada ya Kihindu na tafakuri yake ni haramu kwa Mwislamu, kwa kuwa inaweza kumharibia imani. Nchi ikawaka. Wanawake wa Kiislamu waliokuwa wakifanya yoga kwa miaka wakauliza dhambi yao ni ipi. Sultani wa Selangor, Sharafuddin Idris Shah, akalalamika kwamba watawala wa kimila, ambao ndio wasimamizi wa dini katika majimbo yao, hawakushauriwa kabla ya tangazo. Siku chache baadaye Waziri Mkuu Abdullah Badawi akatuliza mambo: Mwislamu anaweza kuendelea na mazoezi ya mwili mradi asitamke maneno ya ibada.

Miezi miwili baadaye, Januari 2009, maulamaa wa Indonesia walikutana Padang Panjang, Sumatra Magharibi. Wao wakatenganisha tangu mwanzo: yoga yenye maneno ya ibada haifai, iliyo mazoezi tu haina neno. Na Novemba 2017 Saudi Arabia yenyewe ikaitambua yoga kuwa miongoni mwa shughuli za michezo, baada ya miaka ya juhudi za Nouf Almarwaai, mwanamke wa Kisaudia aliyejifunza fani hiyo na kuwafundisha wenzake.

Wakristo nao hawakubaki nyuma. Huko Encinitas, California, wazazi walikwenda mahakamani mwaka 2013 kupinga yoga katika shule za msingi wakidai ni dini inayoingizwa kwa mlango wa nyuma. Jaji aliamua kwamba jinsi ilivyofundishwa shuleni humo haikuwa ya kidini, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2015. Shule hizo zilikuwa zimeondoa majina ya Kisanskriti na chochote chenye sura ya ibada.

Ukizitazama kesi hizi pamoja, utaona kwamba kila mara jibu lilitegemea mwalimu: anasema nini darasani na anaacha nini. Mwalimu wa saa 200 aliyekariri mfululizo wa mikao pamoja na maneno yake hajui kipi kinaweza kuondolewa na kipi kikiondolewa somo linaharibika. Aliyefunzwa vizuri anajua, tena anaweza kuketi na imamu wa kijiji na wazee, akawaeleza bila kuficha, akakubali masharti yao. Anajua kwamba darasa la wanawake lifundishwe na mwanamke, penye stara, na kwamba ratiba ifuate nyakati za swala. Hayo ni sehemu ya taaluma. Kwa maoni yangu, mwalimu wa Rapsu anastahili elimu ya juu zaidi kuliko wa Westlands, Nairobi, maana mazingira yake yanadai hekima zaidi.

Basi elimu hiyo ipo wapi? Ipo Nairobi, na kwa misimu ipo Pwani. Shela ya Lamu ina tamasha lake la yoga, na hoteli za Watamu na Diani hupokea wageni wanaokuja kwa mafunzo na mapumziko. Kozi nyingi za namna hii hupangwa kwa mfuko wa mgeni. Janga la korona lilisogeza baadhi ya masomo kwenye mtandao, lakini pasipo umeme wa uhakika na mtandao wenye nguvu hilo halimfai sana mtu wa Garbatulla. Naye anayetaka kuhesabiwa mkufunzi mwenye tajriba kwa vipimo vya Yoga Alliance katika daraja la saa 500 hutakiwa kuwa amefundisha saa 2,000 kwa muda usiopungua miaka minne. Kijana aliyefundisha gerezani kwa miaka hiyo yote anazo saa. Mara nyingi anachokosa ni ada ya kozi, ada ya usajili, na mtu wa kumtambua.

Hapo ndipo nalaumu. Tumewaachia wafadhili na Yoga Alliance, chama cha Virginia, Marekani, kazi ya kutuambia nani ni mwalimu, ilhali tuna sheria zetu. Sheria ya vyuo vya ufundi ilipitishwa mwaka 2013, na ile iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, ikafuata mwaka 2014. Kutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa ni jambo lililo tayari katika mipango ya serikali, na limewafaa mafundi wa magari na washonaji. Mwalimu wa mazoezi ya mwili ana tofauti gani nao?

Naomba mambo mawili. Kwanza, KNQA iwaite walimu wa yoga na wanasarakasi wa nchi hii, iketi nao, iandike kipimo cha Kenya cha mwalimu wa ngazi ya juu, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zinazosikika mashinani. Pili, serikali ya Kaunti ya Isiolo, ambayo imekuwa ikitenga fedha za basari, ilipie vijana wawili, msichana na mvulana, kutoka Rapsu au Kinna iliyo jirani, wapitie mafunzo yote ya saa 500, kwa sharti kwamba watarudi kufundisha nyumbani. Wazazi wa huko walio na binti mwenye kipaji cha viungo, au kijana anayeruka juu kuliko wenzake uwanjani, wasimcheke wala wasimzuie. Wampeleke ofisi ya kata aandikishe jina, na wamuulize mwakilishi wao wa wadi fedha hizo zitatoka lini.