Vumbi la Mukuba na Pumzi Yetu

Wazee wetu Wasanga waliitwa walaji wa shaba, maana mukuba ndio uliowalisha. Kazi ile ilikuwa na msimu. Mavuno yakiisha na kiangazi kikiingia, wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota malakiti, mafundi wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu na kupuliza makala kwa mivukuto ya ngozi. Askofu de Hemptinne aliyaandika hayo mwaka 1926. Mvua ikikaribia, watu walirudi mashambani, na mushi ukaisha.

Baadaye Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ikachimba Ruwe, ndiyo Mutoshi yetu ya leo. Tangu 1967 Gécamines ikaendelea. Sasa kazi ikawa ya mwaka mzima, na vumbi vilevile. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo, watu wakachimba hata ndani ya viwanja vyao. Watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walipima pale, na mwaka 2018 wakaeleza: kobalti ilikuwa nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa wakaaji, kuzidi sana kwa watoto.

Vumbi la kobalti linaweza kuleta pumu, ile tunayoita asthme kwa Kifaransa, na vumbi lolote linaweza kumwamsha aliye nayo. Njia za hewa zinavimba na kubana, kifua kinapiga filimbi, zaidi usiku. Basi utasikia jirani: “Balimuloga!” Hapana. Pumu si uchawi, wala haiambukizi. Lakini si kila kikohozi ni pumu. Kifua kikuu na silikosi vipo pia, kwa hiyo tupimwe.

Dawa zake ni za namna mbili. Salbutamol ya kuvuta inafungua kifua upesi, lakini haiponyi uvimbe. Dawa ya kuzuia, kama beclométasone, huvutwa kila siku, hata mgonjwa akijisikia muzuri. Wengi wetu tunashika ile ya kwanza tu, na hapo ndipo watu wanapotea. Akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali mara moja.

Nyumbani tumwagie uwanja maji kabla ya kufagia, babula iwake nje, na mchimbaji avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto. Wazee waliupa mushi msimu wake. Sisi, tusioweza kusimamisha mgodi, angalau tulizuie vumbi mlangoni.