Kisonono: Dawa za zamani hazifui dafu tena

SI ajabu kwa mwanamume anayetokwa na usaha kwenye uume, awe Kitale au Bungoma, kupitia duka la dawa kabla ya kufika hospitalini. Huko hununua vidonge vya bei nafuu, akameza na kungojea nafuu. Hatari iliyopo ni kwamba dawa iliyomponya babake huenda isimfae yeye.

Maradhi yanayosababisha hali hiyo aghalabu ni mawili: kisonono na klamidia. Kisonono hujitokeza siku chache baada ya kujamiiana, kwa usaha mzito wa manjano na maumivu makali wakati wa kukojoa. Klamidia huchukua wiki moja hadi tatu, na majimaji yake huwa mepesi. Hata hivyo, macho hayatoshi kutofautisha magonjwa haya, na mtu anaweza kuugua yote kwa pamoja.

Penisilini ndiyo iliyotegemewa kwa miaka mingi. Mnamo 1976 iligunduliwa aina ya kisonono inayotengeneza kimeng'enya cha kuivunja dawa hiyo, na katika miaka ya 1980 aina hiyo ilienea Nairobi. Matabibu wakageukia dawa nyingine, ikiwemo siprofloksasini, ambayo ilipendwa kwa kuwa kidonge kimoja tu kilitosha.

Nayo ikashindwa. Utafiti uliochapishwa 2011 kutoka Pwani ya Kenya ulionyesha kuwa usugu dhidi ya siprofloksasini ulikuwa umeenea. Jijini Kampala, ng'ambo ya mpaka wa Malaba, vipimo vya wanaume wenye usaha vilionyesha kwamba karibu vijidudu vyote vilihimili dawa hiyo. Bungoma iko kwenye barabara kuu ya kuelekea Malaba, nayo Kitale iko kwenye ile ya Lodwar. Vijidudu husafiri na abiria na madereva wa malori.

Doksisaiklini ingali tiba bora ya klamidia: miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku saba. Kwa kisonono, haitegemeki. Utafiti uliofanyiwa wanawake mjini Kisumu, na kuchapishwa 2023, ulibaini kuwa vijidudu vya kisonono vilivyochunguzwa vilikuwa na usugu dhidi ya dawa za jamii hiyo. Hivyo, anayemeza doksisaiklini pekee anaweza kutibu klamidia na kukiacha kisonono kikiendelea.

Azithromaisini humezwa mara moja tu, jambo linalowafaa wasahaulifu. Lakini ikitumiwa peke yake dhidi ya kisonono huharakisha usugu.

Dawa inayoongoza sasa ni seftriaksoni, ambayo hudungwa msulini mara moja. Mnamo 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza miligramu 250 za seftriaksoni pamoja na gramu moja ya azithromaisini. Asiyeweza kudungwa angepewa vidonge vya sefiksimi, miligramu 400, pamoja na azithromaisini. Sefiksimi ni rahisi kutumia, ila ni dhaifu zaidi, hasa maambukizi yanapokuwa kooni. Tangu hapo baadhi ya mataifa yameongeza kipimo cha sindano: Uingereza hadi gramu moja mnamo 2019, na Marekani hadi miligramu 500 mnamo Desemba 2020. Aliyewahi kudhurika na penisilini sharti amweleze daktari kabla ya kudungwa.

Usaha ukiendelea baada ya tiba, mgonjwa asirudi dukani kutafuta vidonge vingine. Aende hospitalini ili usaha upimwe maabarani, kwani huenda dawa imeshindwa, ameambukizwa upya, au ana ugonjwa mwingine. Vilevile apimwe kaswende na virusi vya Ukimwi.

Hata sindano bora haina faida ikiwa mwenzi hatatibiwa. Wote wawili wanapaswa kujiepusha na ngono kwa siku saba baada ya matibabu. Mwanamke anaweza kuwa na kisonono bila dalili yoyote, huku kikiharibu mirija ya uzazi. Akijifungua akiwa nacho, mtoto anaweza kupofuka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika ugonjwa huu methali hiyo ni kweli tupu.