Asilimia Tano, Basi

Mzigo wangu ulikuwa spika mbili kuukuu kutoka Japani. Ajenti alinitumia hesabu kwa WhatsApp saa tano usiku. Bei ya spika, bima na nauli vilikuwa vimejumlishwa vikawa thamani moja. Juu yake, ushuru. Juu ya hiyo jumla, VAT ya asilimia 16. Halafu ada ya tamko, tozo ya reli, gharama za bandari na jasho la ajenti mwenyewe. Yaani hata nauli inatozwa kodi! Nililipa. Ningefanya nini?

Kesho yake, kwa hasira tu, nikaanza kusoma historia ya forodha ya pwani. Neno ushuru lina asili ya Kiarabu, na linatokana na sehemu moja ya kumi. Nilitarajia kukuta kumi. Nikakuta tano.

Tarehe 21 Septemba 1833, huko Muscat, Seyyid Said aliingia mkataba na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Meli ya Marekani ikitia nanga Zanzibar au bandari nyingine ya Sultani ingelipa asilimia 5 ya shehena iliyoshushwa, na hiyo tano ndiyo ilikuwa kila kitu: hakuna ada ya nanga, ya rubani, ya leseni, wala tozo nyingine yoyote. Bidhaa zilizobaki melini bila kuuzwa hazikulipiwa chochote. Waingereza wakapata tano yao 1839, Wafaransa 1844. Nyingi za meli za Marekani zilitoka Salem, Massachusetts, zikileta kitambaa cha pamba ambacho watu walikiita marekani. Jina likabaki mpaka leo.

Sasa, nani alihesabu hiyo tano? Hapo ndipo nilipokaa wima. Si karani wa serikali. Sultani alikuwa anakodisha forodha. Mfanyabiashara aliahidi kumlipa kiasi fulani kila mwaka, kisha akakusanya mwenyewe, na ziada ikawa yake. Kwa miaka mingi mpangaji huyo alikuwa Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch, na watu wake walikaa bandari za pwani, Mombasa ikiwemo baada ya Said kuiteka 1837. Jamaa huyo huyo aliwakopesha wafanyabiashara na kumkopesha Sultani pia. Fikiria mtoza ushuru anayemdai mfalme wake! Balozi wa Marekani aliyefika 1837, Richard Waters, alikuwa mfanyabiashara pia, akaelewana naye vizuri, na wenzake wakalalamika kwamba wawili hao wamefunga soko. Kwa hivyo sheria ilikuwa moja kwenye karatasi, lakini kule gatini ulihitaji mtu.

Hiyo tano, tena, ilikuwa ya wageni wenye mikataba. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka bara zilitozwa kwa frasila kulingana na zilikotoka, na mzigo huo ulijaza mfuko wa forodha kuliko vile nilivyodhani.

Na kulikuwa na mzigo mwingine. Watumwa walioletwa Zanzibar, wengi wao kutoka Kilwa, walilipiwa ushuru kwa kichwa kwenye forodha hiyo hiyo iliyopokea vitambaa vya Salem. Soko lilifungwa 1873. Takwimu nyingi ambazo wanahistoria wanatumia kukadiria biashara ile zinatokana na hesabu za forodha, na waliopitishwa kwa magendo hawamo. Nilikuwa nimeanza kusoma nikitafuta mtu wa kumlaumu kwa bili yangu. Nikafunga kompyuta, nikatoka nje kidogo.

Spika zilifika Ijumaa. Karatasi zake ziko kwenye droo: jina langu, uzito wa mzigo, thamani, nchi zilikotoka. Kwenye zile hesabu za Zanzibar nilizosoma, waliotoka Kilwa ni idadi tu.