Hedhi Inapoaga: Historia Ambayo Somo Hakutusimulia



Hapa Chiwanda, mwambao wa Ziwa Nyasa, tunashona nguo za harusi. Julai iliyopita tulimpima mama wa bi harusi. Asubuhi ilikuwa ya baridi, upepo wa ziwa unavuma, lakini jasho lilimtiririka hadi tepu ikalowa. Akatunong'oneza: miezi minne hajaona siku zake, usiku halali, mumewe anasema amebadilika, na jirani anadai amerogwa. Hatukuwa na la kumjibu. Somo alitufundisha hedhi inavyoanza. Inavyokoma hakutuambia neno. Ndipo tukaanza kuuliza na kusoma.

Dini ilitangulia

Zaidi ya karne 13 kabla ya vidonge vya homoni, Qur'ani ilikwishamtaja mwanamke huyu. Sura At-Talaq, aya ya 4, inawapangia waliokata tamaa ya kupata hedhi eda ya miezi mitatu wakiachwa. An-Nur, aya ya 60, inawaruhusu wazee wasiotarajia ndoa kupunguza nguo za nje, bila kuonyesha mapambo. Aya hizi hazimwiti mgonjwa. Ni umri wenye hukumu zake.

Ulaya na Marekani

Jina la kitabibu lilikuja mwaka 1821, daktari Mfaransa Charles de Gardanne alipounganisha maneno ya Kigiriki ya mwezi na kukoma. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson wa New York akaandika kitabu akidai ni ugonjwa wa upungufu, na kwamba homoni humrudishia mwanamke ujana. Wengi wakazimeza.

Julai 2002, utafiti wa Marekani wa wanawake zaidi ya 16,000 waliopewa homoni mbili au vidonge visivyo na dawa ulisimamishwa, kwa kuwa saratani ya matiti ilizidi kwa waliotumia homoni. Wengi wakaacha kwa hofu. Baadaye wataalamu wakafafanua: kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake imekoma ndani ya miaka 10, faida inaweza kuzidi madhara, mradi daktari ampime kwanza.

Bibi zetu

Simulizi tuliyoipenda zaidi ni ya hapa hapa Tanzania. Miaka ya 1980, mtafiti Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadza karibu na Ziwa Eyasi. Waliwaona mabibi waliokwisha kuzaa wakichimba mizizi kwa bidii. Mama anapopata kichanga, afya ya mtoto aliyeachishwa ziwa ilifuata kazi ya bibi yake. Wakasema huenda ndiyo sababu mwanamke huishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma. Si wataalamu wote wanaokubali, lakini Unguja mnamkumbuka Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013: alifunda wasichana unyagoni hadi ukongwe wake.

Ya kumwambia mama

Wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo, kwa miaka kadhaa, ovari hupunguza homoni ya estrojeni: hedhi hurukaruka, joto hupanda ghafla, usingizi hukatika, hasira huja, uke hukauka na tendo la ndoa huuma. Mume aelezwe, asidhani amechukiwa.

Mpaka miezi 12 ipite mfululizo bila damu, mimba bado yaweza kuingia. Damu ikirudi baada ya hiyo miezi 12, hata tone, nenda hospitali mara moja. Yaweza kuwa dalili ya saratani. Na aliyeachwa huku hedhi yake inarukaruka asijihesabie miezi mitatu mwenyewe. Amuulize shekhe.

Yule mama alirudi kuchukua gauni akiwa na mumewe. Tulikuwa tumemshonea la pamba, bila bitana. Tuliwaeleza haya wote wawili, na mzee akanyamaza muda mrefu, kisha akamwambia mkewe, "Kumbe."

Bi harusi, ukimwona mama mkwe anafungua dirisha usiku wa baridi, usidhani amekukasirikia. Mpelekee maji ya kunywa, ukae naye kidogo.